Mwendo wa Mashine ya Mzee Kasmir

Jumamosi ya mkesha wa Kipaimara, safu ya mafundi cherehani katika soko la Sumbawanga ilikuwa imefurika kina mama. Magauni meupe yalining'inia kila mahali, mengine hayana mikono bado, na upepo wa Mei ulikuwa ukiyapeperusha hadi yakawa yanawafunika watu nyuso. Evodia alikuwa kwenye cherehani yake ya tatu kutoka mlangoni, sweta ya njano, futi ya kupimia shingoni, pini tatu zimebanwa midomoni.

"Dada, samahani. Nina dharura."

"Hapa wote wana dharura, kaka," alijibu bila kuinua uso.

"Yangu iko nyuma."

Ndipo akainua uso. Kijana mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, amesimama huku ameshikilia bahasha kubwa ya kaki kwenye makalio. Kina mama wakaanza kucheka kabla hajaeleza. Alikuwa ameinama kunyanyua printa dukani kwao, suruali ikaachia kuanzia kwenye mkanda hadi karibu na goti.

"Vua," Evodia alisema.

"Hapa?"

"Unataka nikushone ukiwa ndani?" Akamrushia kitenge chenye picha za kuku. "Jifunge hicho. Nenda nyuma ya magauni."

Akatoka na kitenge cha kuku na shati lake la bluu, na mama mmoja akamwambia amependeza, asubiri Kipaimara. Kijana akacheka naye. Evodia aliliona hilo, kwamba anachekwa na anacheka pia, akalipenda.

Akaweka suruali chini ya sindano, akakanyaga. Mashine yake ilikuwa ya umeme, ya pedali. Ilianza polepole, sindano ikishuka moja moja, kisha ikachanganya, kisha ikakimbia. Karibu na mwisho wa mshono ikapoa tena hadi ikasimama yenyewe.

"Umefanyaje?" kijana aliuliza. Alikuwa ameinama anatazama mguu wa Evodia.

"Unatazama nini huko chini?"

"Pedali, dada. Pedali tu. Kwa nini mota haikuruka?"

"Kwa sababu sikukanyaga yote mara moja. Ningekanyaga yote, uzi ungekatika na wewe ungeondoka na hicho kitenge."

Kijana alirudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayeandikiwa dawa. Sikukanyaga yote mara moja. Kisha akajitambulisha: anaitwa Flavian, fundi kompyuta wa steshenari iliyo mkabala na stendi. Akamshukuru mara tatu, akalipa, akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi, kwa sababu alikuwa ameondoka na kitenge.

*

Walianza kwa simu.

"Fundi, umelala?"

"Saa moja jioni? Mimi si kuku wa kitenge chako."

"Nataka kukueleza kwa nini nilitazama mguu wako."

"Eleza vizuri. Ukikosea neno moja nakata."

Flavian alieleza. Kulikuwa na gemu ya kompyuta ambayo mchezaji hujenga uwanja wake mwenyewe: mawe, ngazi, magurudumu, mota. Ukimaliza kujenga, watu wengine popote duniani wanaweza kuingia na kucheza ulichokijenga. Yeye alikuwa amejenga lifti ya kupanda mlima. Lakini kila alipobonyeza swichi, mota ilitoka sifuri ikafika mia papo hapo, na vikaragosi waliopanda lifti wakarushwa angani.

"Wote?"

"Wote. Hata yule mnene."

Evodia alicheka hadi mwenzake Debora, aliyeshona jirani naye, akamuuliza ana nini. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, walikaa kwenye benchi la nje ya mgahawa, chai ya maziwa na maandazi mbele yao, kompyuta imefunguliwa katikati.

"Hii mota inasikiliza nini?" Evodia aliuliza.

"Namba. Nikiipa mia, inakwenda mia."

"Basi usiipe mia. Ipe kidogo, halafu kidogo tena."

"Nani atakuwa anaipa? Mimi nitakuwa nacheza."

"Si ulisema kuna visanduku vya kutoa amri?"

Flavian alivuta kompyuta karibu. Kisha akaanza kuvipanga, na Evodia akasogeza kikombe chake kumpisha. Kisanduku cha kwanza kilikumbuka mwendo wa sasa. Cha pili kilishika mwendo unaotakiwa. Cha tatu kililinganisha: wa sasa ukiwa mdogo, ongeza moja, ukiwa mkubwa, punguza moja, ukilingana, acha. Jibu likapelekwa kwenye mota na kurudishwa kwenye kisanduku cha kwanza, na kazi ikaanza upya, mara kumi kila sekunde.

Akabonyeza swichi. Lifti ikaamka, ikachanganya, ikapanda. Yule mnene akafika juu amesimama.

"Mama yangu," Flavian alisema kwa sauti ndogo.

"Mshukuru cherehani."

"Namshukuru mwenye mguu."

Evodia alitazama pembeni, kwenye barabara, lakini mkono wake hakuuondoa pale ulipokuwa, karibu na wa Flavian.

*

Baba yake Evodia, mzee Kasmir, alikuwa amefariki Agosti iliyopita. Kwa miaka ishirini na mbili alisagia watu wa kwao Kasense mahindi na ulezi kwa mashine ya dizeli, ndani ya banda la bati kando ya nyumba. Tangu azikwe, banda lilikuwa limefungwa. Mama yake, mama Bertha, alikuwa na ufunguo, na hakuutumia. Watu wa karibu walibeba debe zao kwenda mashine nyingine, wakipita mbele ya mlango ule bila kusema kitu.

Kwenye simu ya Evodia kulikuwa na sauti ya mashine ile. Alikuwa ameirekodi siku moja bila sababu, akimsubiri baba amalize. Ilinguruma, mkanda ukapiga, na katikati baba akakohoa mara mbili. Hakuwahi kumsikilizisha mtu.

Mwezi Juni, ubaridi wa Ufipa ukiwa umewakalia watu mabegani, alimsikilizisha Flavian. Walikuwa wamesimama kando ya soko, yeye ndani ya koti la Flavian.

"Huyo aliyekohoa ndiye yeye?"

"Ndiye."

Flavian hakusema pole. Aliomba kusikiliza tena. Waliposikiliza mara ya tatu akasema, "Nitumie, mpenzi. Nitaitunza." Evodia akaituma. Akamwonyesha na picha: baba mbele ya banda, sweta ya kijivu, kofia ya sufu ya kahawia yenye kifundo juu.

"Agosti tuna misa ya mwaka mmoja," Evodia alisema. "Mama anataka kukuona siku hiyo."

"Mimi? Mbele ya ukoo wote?"

"Vaa suruali nzima."

Kuanzia siku ile Flavian akawa na siri. Kila mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua gemu na kujenga banda la bati. Akaweka gurudumu kubwa na mkanda. Akaweka sauti ya mashine na kuifunga kwenye mwendo wa gurudumu. Akatengeneza kikaragosi cha sweta ya kijivu na kofia ya kahawia, akakisimamisha mahali pa msagaji. Alitaka kumwonyesha Evodia siku ya misa. Alitaka mashine iwashwe tena, hata kama ni kwenye kioo.

Kosa alilifanya Alhamisi moja ya mwezi Julai. Alitaka kujua kama gurudumu linazunguka, akaliunganisha na swichi tupu. Visanduku angeviweka baadaye. Akamwomba Abel, mshikaji wake wa pale dukani, aingie ajaribu sauti. Kisha mteja akaja na kompyuta iliyomwagikiwa chai, na Flavian akasahau.

Abel akabonyeza swichi. Gurudumu likatoka sifuri hadi mia. Mzee wa kofia ya kahawia akanaswa na mkanda, akatoboa bati, akapaa. Abel akacheka hadi machozi. Akarekodi video, akairusha kwenye magrupu.

*

"Njoo ucheke," Debora alisema asubuhi iliyofuata, akimsogezea Evodia simu.

Evodia alitazama akiwa na mkasi mkononi. Aliona kofia. Hakuamini kofia. Kisha, ndani ya kicheko cha mtu asiyemjua, akasikia kikohozi, mara mbili.

Aliweka mkasi chini taratibu. "Nani kakutumia?"

"Iko kila mahali. Vipi, Evo? Mbona hivyo?"

Alitoka nje kwenye upepo, akapiga simu.

"Fundi wangu, habari za..."

"Nimeona video."

"Video gani?"

"Ya baba yangu akitoboa bati."

Flavian alimgeukia Abel aliyekuwa akipiga kopi, akaelewa kila kitu mara moja. "Evo, nisikilize. Sikuirusha mimi. Nilimpa Abel ajaribu sauti tu. Ilikuwa iwe zawadi yako, siku ya misa."

"Ulimpa Abel sauti ya baba."

"Ndiyo, lakini..."

"Lifti ya watu usiowajua uliwekea visanduku vitatu, Flavian. Nilikaa pale nikakuonyesha. Baba yangu ukamwekea swichi."

Flavian aliketi juu ya boksi la karatasi.

"Agosti usije," Evodia alisema, akakata.

Abel alifuta video kila mahali alipoweza, akaomba radhi kwenye magrupu yale yale, akampigia Evodia simu mara tano na hakupokelewa. Flavian alipiga mara moja tu kila siku, saa moja jioni. Ikiita hadi mwisho, aliandika ujumbe mmoja: Nimekosa. Wiki tatu zikapita hivyo. Evodia alishona sare za shule, akafumua mshono, akashona tena. Saa moja jioni alikuwa akiweka simu juu ya meza, akiitazama inavyoita. Siku moja ilichelewa kuita kwa dakika nne, na katika dakika hizo nne aligundua kwamba alikuwa amesimama.

*

Flavian alikwenda Kasense peke yake, Jumanne ya wiki ile ya tatu, kwa bodaboda. Mama Bertha alikuwa anapepeta ulezi uani, khanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Flavian, wa Mollo. Nimekuja kuomba msamaha. Nimemkosea marehemu, nimemkosea Evodia, na wewe pia."

Mama Bertha aliendelea kupepeta. "Kaa kwanza. Mtu hakosei wote hao akiwa amesimama."

Akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote: gemu, banda, swichi, bati. Hakumtaja Abel. Mama alisikiliza, akauliza kikaragosi ni nini, akaelezwa. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mashine yako iliruka."

"Iliruka, mama. Nimeshaweka visanduku vya kuituliza. Lakini sijui mzee aliipa muda gani wa kuchanganya. Nataka iwake kama alivyoiwasha yeye."

Ungo ukasimama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo tangu mazishi. Watu walimuuliza ataiuza lini.

"Kasmir alikuwa akiiwasha anaipa mafuta kidogo kidogo, anasali Salamu Maria moja," alisema. "Ikiisha, mashine imeshachanganya. Ndipo anamwaga nafaka. Na wewe ukimharakisha anakuambia, ngoja nimalize na Mama."

"Salamu Maria moja," Flavian alirudia.

"Moja tu. Njoo siku ya misa, baba. Nyumba hii ni yangu, mgeni wa kuja nasema mimi."

Njiani kurudi, nyuma ya bodaboda, Flavian alisali Salamu Maria huku ametoa simu anahesabu. Sekunde kumi. Akafurahi kwa sababu hesabu ilikuwa nyepesi: kuongeza moja, mara kumi kila sekunde, hadi mia. Visanduku vilikuwa tayari vinafanya hivyo. Hakuhitaji kubadilisha kitu.

*

Siku ya misa ilikuwa na jua kali na upepo baridi. Baada ya kanisa watu walirudi nyumbani, wakala ugali wa ulezi na maharage na kuku, wazee wakakaa upande wa jua. Evodia alikuwa amevaa gauni jeusi lenye ukosi mweupe alilolishona mwenyewe. Alipomwona Flavian akiingia uani na suti ya kijivu, begi la kompyuta begani, alimgeukia mama yake.

"Mama."

"Nimemwalika mimi. Mpe maji anawe."

Akammiminia maji. Flavian akanawa.

"Asante," alisema.

"Suruali iko nzima?"

"Nzima. Nilikagua."

Hakutabasamu, lakini alimmiminia maji mara ya pili.

Wageni walipopungua, mama Bertha aliita, "Haya, kijana, fungua hicho kitu chako." Flavian aliweka kompyuta juu ya stuli, mgongo wa kioo kwenye jua. Mama akakaa mbele yake. Mzee Yohanes, kaka wa marehemu Kasmir, akasogeza kiti. Evodia alisimama nyuma, mikono imekunjwa.

Banda la bati likatokea. Mzee wa kofia ya kahawia alikuwa mahali pake.

"Huyo kavaa kofia yake kabisa," mzee Yohanes alisema.

Flavian akabonyeza. Gurudumu likaanza, likapanda, sauti ikapanda nalo, na baada ya sekunde kumi likawa kwenye mwendo wake kamili. Hakuna aliyerushwa. Flavian akamtazama mama.

Mama Bertha alitikisa kichwa. "Imekwenda vizuri, mwanangu. Asante. Lakini huyo si Kasmir. Kasmir hakuwa na haraka hiyo."

"Nilihesabu, mama. Salamu Maria moja."

Sauti ya Evodia ikatoka nyuma: "Umehesabu ya nani?"

"Yangu."

"Ya Kiswahili?"

"Ndiyo. Juu ya bodaboda."

Mzee Yohanes akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Mama Bertha naye akafunika mdomo kwa khanga. Hata Evodia alishindwa. Kicheko kilimtoka puani, cha kwanza baada ya wiki nyingi.

"Ninyi vijana wa kompyuta mnasali kama mnakimbizwa," alisema. "Baba alisali Kifipa. Na akimaliza sala alikuwa anataja marehemu wa nyumba, mmoja mmoja. Yote hiyo kwake ilikuwa Salamu Maria moja."

Akaja mbele. Akakaa kwenye ukingo wa kigoda cha Flavian, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. "Shika saa," alimwambia. "Nikianza, anza."

Akasali kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa baba. Hakuharakisha pale baba asipoharakisha. Akavuta pumzi pale baba alipokuwa akivuta. Kisha majina: babu, bibi, shangazi Stumai, mdogo wake aliyefariki akiwa na miezi minne. Pale baba alipokuwa akiishia, yeye hakuishia. Alikaa kidogo, halafu akasema, "Kasmir."

Mama Bertha akaitikia. Mzee Yohanes akavua kofia.

"Basi," Evodia alisema.

Flavian alitazama simu. "Arobaini."

"Haya. Visanduku vyako vinasemaje?"

"Mara kumi kila sekunde. Sekunde arobaini ni mara mia nne." Alihesabu kwa midomo. "Nisiongeze moja. Niongeze robo."

"Weka robo."

Akaweka robo. Evodia mwenyewe akabonyeza.

Mwanzoni ilionekana kama hakuna kitu. Kisha gurudumu likasogea, kidogo sana, na sauti ikaja kutoka mbali, nzito, ya chini, kama ilivyokuwa ikija asubuhi watoto wakiwa bado kitandani. Ikapanda taratibu. Mkanda ukaanza kupiga. Mama Bertha alikuwa akisogeza midomo, na alipofika mwisho wa majina, mashine ilikuwa imefika. Ikanguruma sawasawa. Baba akakohoa, mara mbili.

"Ndiye," mama alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Ndiye huyo. Asante, baba. Asante."

"Na kuzima?" mzee Yohanes aliuliza. "Alikuwa haikati ghafla."

"Inapunguza robo pia, mzee," Flavian alijibu. "Njia ile ile, kurudi."

Walisikiliza hadi ikapoa yote. Mama Bertha akainuka, akajikung'uta gauni. "Yohanes, wiki ijayo mwite fundi aje atazame ule mkanda wa kweli. Panya watakuwa wameutafuna." Akaingia ndani, kama mtu aliyesema jambo la kawaida.

*

Evodia alimsindikiza Flavian hadi barabarani. Upepo ulikuwa ukilaza majani makavu ya mahindi mashambani pande zote.

"Nimekosa, Evo," alisema. "Kweli."

"Najua. Umeniandikia mara ishirini na moja."

"Ulisoma?"

"Zote." Alirekebisha ukosi wa suti yake, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. "Nilikasirika, nikasema maneno. Lakini leo nimeisikia ikiwaka. Nilidhani sitaisikia tena. Asante, Flavi."

"Mshukuru cherehani."

Safari hii alicheka wazi. Bodaboda ilikuwa inakuja kwa mbali, vumbi nyuma yake. Flavian aliitazama, akaona muda ni mfupi.

"Nataka kuleta mshenga. Kwa mama. Kama utaniruhusu."

Bodaboda ikafika, ikasimama. Dereva akauliza kama ni mmoja au wawili. Flavian akapanda. Akageuka amtazame.

"Mlete," Evodia alisema. "Lakini usije mbio."

"Nisubiri kiasi gani?"

"Salamu Maria moja."

"Ya nani?"

"Ya baba."

Saa moja kamili jioni ile simu ya Evodia iliita. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili. Upande wa pili hapakuwa na salamu wala "fundi wangu". Palikuwa na sauti ya kijana wa Mollo akijikongoja kwenye sala ya Kifipa, akikosea, akirudi nyuma, bila haraka yoyote. Evodia aliketi kando ya mama yake, akaweka simu katikati yao, na wakamsubiri amalize.